Ubavu wa Kushoto wa Trela

Madereva wenzake walimwita Bibi Harusi, kwa sababu kila kona aliikata kwa mwendo wa mtu anayeogopa kukanyaga gauni lake mwenyewe. Hakununa. Mwanamume mwenye kitambi kile na ndevu zile akiitwa bibi harusi, kilichobaki ni kucheka tu, naye alicheka kuliko wote.

Kona ya kushoto, hata hivyo, ilimtia hofu, na hakuona haya kulisema hilo. Trela likitaka kukata kushoto, lazima kwanza lijitanue kulia, na hapo linaacha uwazi ubavuni ambao wenye magari madogo huona kama wamefunguliwa mlango. Wanajipenyeza. Aliye juu kwenye usukani hana habari: kioo cha pembeni kinamwonyesha bodi na lami, basi. Alichokiomba maishani ni kustaafu bila kumkanyaga mtu ambaye hakumwona. Kwa hiyo kabla ya kukata alisimama kabisa, akavuta breki ya mkono, akajinyoosha juu ya kiti cha abiria mpaka shati likachomoka, akachungulia chini dirishani. Nyuma watu walipiga honi na kumtukania mama yake. Yeye alichungulia kwanza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Aliponunua kigari cha kupelekea sare za shule, Bibi Harusi alimpeleka yadi, kule matrela yanakoegeshwa, akampandisha kwenye kiti cha dereva wa trela, kisha akaanza kulizunguka kwa miguu.

"Nikipotea, piga honi."

Mke akapiga honi mumewe alipopita chini ya pua ya gari. Akapiga alipokuwa nyuma. Alipofika ubavu wa kushoto alipiga mpaka mlinzi akatoka kibandani kuuliza kuna msiba gani.

"Baba nanihii, na tumbo lote hilo, unapotelea wapi?"

"Ndiyo ujue. Usipouona uso wangu kwenye kioo changu, na mimi sikuoni. Kaa nyuma, mbali. Ukitaka kupita, pita moja kwa moja, usinigande ubavuni kama tunasindikizana."

Alielewa. Tangu siku hiyo aliyapa nafasi matrela yote ya barabara ile, hata wenye haraka zao walipomwashia taa kwa nyuma. Nalisema hili mapema ili asije akadhaniwa mzembe. Hakuwa mzembe.

Asubuhi moja Bibi Harusi aliondoka akasahau hotipoti ya chakula chake mezani. Mkewe, ambaye alikuwa anapeleka sare upande huohuo, akaibeba ile hotipoti. Karibu na njia panda ya kuingilia yadi akaliona trela, akalitambua kwa kiraka cha buluu alichokishona mwenyewe kwenye turubai. Akafurahi. Trela lilikuwa limeshajitanua kulia, taa ya kushoto inawaka. Akaingia kwenye uwazi, akasogea mpaka usawa wa mlango, akashusha kioo cha dirisha.

Juu, mumewe alitazama kioo chake: bodi, lami. Nyuma lori la mchanga lilikuwa linapiga honi bila kupumzika, na bosi keshampigia simu kuuliza yuko wapi. Akaondoa mguu kwenye breki. Trela likaanza kujivuta. Kisha mazoea yakamshinda. Akakanyaga tena, akavuta breki ya mkono, akajinyoosha. Chini yake aliona paa jeupe, na mkono umetoka dirishani umeinua hotipoti yake.

Alizima injini, akashuka, akazunguka mbele mpaka upande wa pili. Akakaa kwenye ukingo wa barabara huku honi zikiendelea.

"Mama, nilikufundisha nini?"

"Nikae mbali na trela." Mkewe aliirudisha hotipoti ndani. "Lakini hili si lako? Nilijua wewe utaniona."

"Sikukuona."

"Wewe?"

"Mimi. Ningepita juu yako nikadhani ni ukingo wa barabara. Halafu ningeingia yadi, nikupigie simu uniletee chakula."