Watu Wasiotaka Paa

Asubuhi ile nilitoka Lamu mjini bila kujua ninakwenda wapi. Nilichojua ni kwamba begi langu lilitakiwa liwe limetoka chumbani kabla ya adhuhuri, kwa sababu ya daftari.

Katika daftari hilo niliandika historia ya watu ambao hawajawahi kuwepo. Nchi yao niliitunga mwenyewe. Ina miezi miwili angani, na ina mlima ambao mara moja katika kila kizazi mbingu hushuka juu yake mpaka mtu akiinua mkono anaigusa. Watu hao waliabudu mbingu, na sheria yao kubwa ilikuwa kwamba kitu chochote kisikae kati ya kichwa cha mtu na mbingu. Nyumba zao zilikuwa na kuta, milango, hata vidaka vya kuwekea taa, lakini hazikuwa na paa. Mfalme aliyejaribu kuvaa kofia alivuliwa ufalme. Makuhani wao walisoma mawingu kama mimi na wewe tunavyosoma barua.

Shule niliiacha darasa la saba. Tangu hapo nimepika hotelini, nimeuza mitumba, nimefua nguo za watu katika miji sijui mingapi, na kila nilipohamia daftari lilikuja nami. Sikuandika popote kwamba mambo hayo ni ya kutunga. Nilipenda yasomeke kama yalitokea kweli.

Basi Bi mwenye nyumba alikuja kufagia, akalikuta limefunuka kitandani, akasoma sala nzima ya mbingu.

"Mume wangu asomesha watoto Kurani hapa chini," aliniambia, "na juu ya kichwa chake kuna mtu asujudia mawingu!"

Nilicheka, na kicheko ndicho kilichoniponza. Nikamwambia ni mchezo tu, mimi naswali kama yeye. Akajibu kwamba mtu mzima hachezi na ibada. Hakunifukuza kwa ukali. Alinifungia mahamri matatu kwenye gazeti, akanishikia mlango.

Nje nilikutana na punda waliokuwa wakirudi mashambani bila mizigo, nikawafuata. Tulipotoka nje ya mji nilimuuliza mwenye punda njia ile yaenda wapi.

"Ndia haiendi," akasema. "Mwenye kwenda ni wewe. Ukiifuata sana utafika Kipungani."

Sikuwa nimewahi kufika Kipungani. Nikaifuata. Nilipita minazi, mchanga, minazi tena, mahamri yakaisha, na viatu nikavibeba mkononi. Nilipofika alasiri ilikuwa karibu, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa bara.

Nyumba ya kwanza iliyokuwa na mtu nje ilikuwa ya mama mmoja, umri wake kama sitini. Alikaa barazani akisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani unaoshonwa baadaye kuwa mkeka. Ulikuwa umejikunja kando yake kama nyoka aliyeshiba. Nikapiga hodi.

"Karibu, mwanangu. Na begi zito hilo! Umekimbia au umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa, Bi."

"Na mume?"

"Na mwenye nyumba."

"Afadhali. Mume angekufuata."

Alikuwa na chumba. Binti yake ameolewa Pate, na chumba kimebaki kitupu. Alinionyesha kwa kidevu tu, mikono haikuacha kusuka. Niliona kitanda cha kamba, dirisha dogo, msumari wa kutundikia nguo. Nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote. Kijijini sikumjua mtu mwingine, na mjini nisingerudi kwa miguu.

"Ulifukuzwa kwa neno gani?" akauliza.

Ningeweza kusema tuligombania maji. Ugomvi wa maji haumshangazi mtu. Lakini nilifikiria kwamba siku moja naye atafagia, na nikachoka kabla hata sijaanza kudanganya. Nikatoa daftari, nikamweleza yote: mlima, makuhani, nyumba zisizo na paa.

Katikati ya maelezo mumewe alirudi kutoka msikitini, akakaa upande wa pili wa baraza, akasikiliza mpaka mwisho.

"Wewe mwenyewe waiabudu hiyo mbingu?" akaniuliza.

"Siiabudu, Bwana. Nimetunga tu."

"Mimi sina neno. Nyumba ni yake, babake alimjengea. Mwenye kusema ni yeye."

Mwenye kusema alisuka kwanza. Kisha akaniuliza, "Hao watu wako, wakizaa?"

"Walikuwa wakizaa."

"Mtoto azawa na mvua yanya. Yuwapi?"

Nikaanza kumweleza kwamba kwao mvua kunyesha ilikuwa baraka.

"Mtoto wa siku moya hajui baraka. Ajua baridi. Wafalme umeandika wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Na wakunga?"

Nilikuwa na kurasa karibu mia mbili, na ndani yake hapakuwa na mkunga hata mmoja.

"Wafalme kumi na wanne!" akamwambia mumewe. Mumewe akatazama makubadhi yake miguuni kana kwamba lawama ile ilikuwa yake.

"Walimfunika," nikasema hatimaye. "Wakunga walisuka kitu cha majani, wakamfunika kwa siri."

"Siri gani? Mvua yanya usiku kucha na mtoto halii. Muyi wote wasikia kuwa halii."

Hilo sikulifikiria katika miaka yote ile. Sheria yangu kubwa ilikuwa imevunjwa tangu mtoto wa kwanza, na mji mzima ulijua, hata makuhani.

"Basi na hao wafalme walifunikwa," akasema mzee, akacheka mpaka akakohoa.

Mkewe hakucheka. Alipima ukili kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, akauweka chini.

"Utakaa," akaniambia. "Hao si watu wa kuogopesha. Ila sala yao usiisome kwa sauti, jirani ana masikio."

Niliingia na begi, nikaliweka pembeni chini ya dirisha. Akanifuata hadi mlangoni.

"Si hapo, mwanangu. Hapo pavuja."