Mjukuu Nilimpa Jina la Kapteni, Kapteni Kaniaibisha, Wifi Anacheka

Haya admin, jana bando lilinikatikia pale niliposema wifi yangu lazima nimkomeshe. Leo nimerudi palepale, na sijapoa. Wale hamkunisoma, mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, wa huku Magarini, nalima, nasuka makuti, shule niliishia la tatu, kwa hivyo mkiona maandishi yamepinda nyoosheni wenyewe. Jina langu lificheni. Wifi yangu, dadake mzee wangu, tumwite Dama.

Ugomvi ni wa jina la mjukuu. Kwetu Wagiriama, msichana wa kwanza wa mwanangu hupewa jina langu mimi, mamake baba. Ni haki yangu, haiombwi. Sasa mimi na kimbelembele changu nikaikataa! Nikasema huyu aitwe Zavira. Zavira ni kapteni wa ile picha ya vyombo vya angani, ile ya kutafsiriwa Kiswahili, ilianza nikiwa namnyonyesha babake mtoto huyu na hadi leo haijaisha. Mama wa watu yule! Madude ya macho sita yalimkata mkono, na bado akarudi kuchukua watu wake, hakuacha hata mpishi. Tukikaa kusuka makuti hadithi ni hiyo, na msimulizi ni mimi. Mzee wangu aliniuliza, "Wampa mtoto jina la mtu usiyemjua kwao?" Nikamjibu, "Namjua kuliko ninavyokujua wewe."

Mtoto hajamaliza miezi miwili, wakatoa picha nyingine, imezaliwa na ile kubwa, ya Zavira peke yake. Nikaita wenzangu wote, nikapika kaimati, Dama akakaa mbele. Jamani! Kapteni wangu kavalishwa gauni la kumetameta, kutwa yuko ofisini amlilia mwanamume. Nyota zenyewe kama zimebandikwa ukutani na gundi. Nikasema ngojeni, itachangamka. Sehemu ya nne akawauza watu wa chombo chake, wote, na yule mpishi, ili apewe nyumba kwenye dunia mpya. Ati ndiyo mwisho! Aliyeandika yale nikimpata nitamchapa na uti wa kuti bichi.

Mtoto akalia chumbani. Dama akapaza sauti, "Mpeni msaliti anyonye, asije akatuuza na sisi!" Walicheka hadi kaimati zikawapalia. Kaimati zangu! Tangu siku hiyo akipita anapiga saluti, "Shikamoo Kapteni, leo umeuza nani?" Sokoni, kisimani, hata mlangoni mwa kanisa. Mkamwana wangu akaacha kumtoa mtoto nje kwa haya.

Na mtoto naye akashika kulia, kutwa. Zahanati wakasema hana ugonjwa. Dama akapata mwanya, akamwendea kakake. "Kaka, mtoto amekataa jina la muuza watu. Mpeni langu, mtaona." Maana kwetu mtoto akililia jina, wakubwa hukaa, majina yakatajwa moja moja, atakalonyamazia ndilo lake. Imepangwa Jumamosi hii.

Nikajisemea, sawa, achukue. Nilikisuka kisasi changu hadi nikacheka peke yangu. Mtoto akiitwa Dama, nitampigia kelele uani wifi akisikia. "Dama, umejinyea tena! Dama, wanuka! Dama, hushibi wewe?" Atanishtaki kwa nani? Nasema na mjukuu wangu. Juzi mkamwana kaenda kuteka maji, nimebaki na mtoto, analia kama king'ora, nikasema ngoja nijaribu utamu wake. Nikamwinamia, "We Dama, domo hilo!"

Akanyamaza. Tuli. Akanitazama, akacheka, ufizi mtupu. Nikamwita jina langu mimi, akalia. Nikamwita Zavira, akazidi. Dama, kimya. Nimejaribu mara tano.

Hapo ndipo nimenasa. Hakuna ajuaye ila nyinyi. Akilia nampeleka nyuma ya nyumba, namnong'oneza lile jina, anatulia, nikirudi naye wote wasema hawe, nyanya huyu, ana mkono wa baraka. Dama mwenyewe kaniuliza, "Wifi, wamfanyia nini huyu?" Nikamwambia, "Nampenda tu." Lilinitoka chungu kama mwarobaini.

Jumamosi mtajaji wa majina ni mimi, hawe. Naweza kulitaja la Dama mtoto akiwa ananyonya, mbiombio, hakuna atakayejua kama amenyamazia jina au titi, na Dama arudi kwake na aibu mbele ya watu kama aliyonipa mimi. Na moyo wataka hivyo, siwafichi, hata usingizi napata vizuri nikiwaza hivyo. Lakini mtoto atalia hadi lini? Na nikimwacha alie ili mimi nipate raha yangu, yule wa gauni la kumetameta amenizidi nini?

Nishaurini basi, nilitaje au nilimeze? Na msinipe ushauri wa kusamehe, huo ninao. Nataka wa... ngojeni. "Mayo! Mayo, njoo!" Mkamwana huyo aniita mama, mtoto kashaanza. Yalaa, na leo hata nyuma ya nyumba sitaweza kumpeleka, Dama mwenyewe ndiye kambeba, namsikia asema mwiteni hawe yake. Nijibuni upesi, nikifika pale nimwambie nini huyu mtoto? Naja! Nimesema na