Makame na Nusu ya Halua

Utafiti ule ulitugharimu sinia zima la halua ya Wete, na mimi peke yangu ulinigharimu hamu ya halua hadi leo nimestaafu.

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Utafiti, bwana wa Unguja, alinikabidhi kengele na sahani nyeupe. Tulikuwa tukipima kujizuia kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili. Mtu huachwa peke yake na kipande kimoja cha halua. Akisubiri turudi, hupata viwili. Akishindwa, hupiga kengele na kula hicho hicho. Mimi kazi yangu vipande, na huvihesabu mara mbili, maana halua haina shahidi.

Akaja Makame wa Kiuyu, mtu mzima, kafiwa na mamake karibuni. Kaka yake alitaka kumhamishia kijiji cha Mgogoni, nyumba ya mama aichukue yeye. Mkuu akaiahidi familia: Makame akionesha anaweza kujiamulia, atamwandikia sheha, mkuu wa mtaa, abaki kwake.

Tukamwacha chumbani, tukamchungulia mlangoni. Halua hakuigusa wala hakuitazama. Mkuu akafurahi. Mimi nikamuuliza Makame, "Mbona hukula?"

"Si yangu, Mzee Hamad. Kawekewa yule." Akaonesha kona tupu.

Hapo nikatanabahi. Chumba kilinuka unyevu, nami asubuhi nilikifukiza udi. Kwao, chakula katika sahani nyeupe, chumba kitupu, moshi wa udi: hicho cha wenyewe, wasioonekana. Nani atie mkono?

"Bwana Mkuu, huyu hakujizuia. Kaogopa."

"Saa inasema kasubiri."

"Saa si ya Kiuyu. Turudie, bila udi, bakuli la bati, na posho ya leo sikudai."

Akacheka, akakubali. Nikachungulia kwenye tundu la mlango. Makame alikuwa akisema na kona, polepole, kama mtu anayepatana bei ya pweza.

"Nusu yako, nusu yangu. Zaidi sitoi."

Akakimega kipande, akala nusu yake, nyingine akaiacha ndani ya bakuli na kulisukuma upande wa kona. Kengele hakuigusa. Niliondoa jicho tunduni nifungue kitasa tu. Tukaingia: bakuli tupu, dirisha lina nondo, Makame hajainuka.

"Kala yote, kashindwa," alisema Mkuu. "Lakini jaribio la kwanza ndilo linalohesabika." Akaandika kuwa Makame anaweza kujiamulia. Akabaki nyumbani kwake, analima muhogo wake.

Sasa kaka yake kapata habari za jaribio la pili, na ananitaka nikaseme kwa sheha kuwa Makame alishindwa. Kwa hesabu yangu, mara aliyoshindwa ndiyo mara aliyochagua. Ile aliyoshinda alikuwa na khofu tu. Lakini nikisema alichagua, sheha ataniuliza alipatana na nani.

Nyinyi mnaosomea kazi hii, nishaurini: Ijumaa nikiitwa, niseme nini?