Mwalimu Aliyenifunza Kusoma Akaniita Mnyika

Admin, nifichie jina langu, mji huu ni mdogo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mwalimu mkuu hapa Malindi, Mgiriama wa Kakuyuni.

Miaka ya themanini kulikuwa na bibi mmoja mjini, mwanamke wa kwanza kufungua darasa la wasichana nyumbani kwake. Wanaume walimsema vibaya barazani na sokoni, asitetereke. Hilo simnyimi. Lakini ujasiri wake wote ulikuwa wa mabinti wa mjini. Wao walikalia mikeka. Sisi wa mashamba, waliotuita Wanyika, yaani watu wa porini, tulikaa sakafuni, karibu na choo.

Mwaka mmoja nikashika nambari moja. Mama yangu akatoka Kakuyuni kwa miguu, amevaa hando lake, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, kamchukulia kuku wa shukrani.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia. Alimtazama juu hadi chini, akasema darasa zima likisikia: "Zunguka nyuma, jikoni. Mlango huu si wa Wanyika."

Kuku wa Mnyika, lakini, alipita mlango wa mbele! Kisha kitabu changu cha zawadi akampa aliyeshika nambari mbili. "Wewe kitabu cha nini?" akaniambia. "Mwakani utakuwa umeolewa, walima mihogo."

Mama akazunguka nyuma. Nami nikarudi kukaa sakafuni.

Sasa bibi huyo ni marehemu, na maktaba inapewa jina lake. Binti yake alinijia ofisini. "Dada, risala ya sherehe usome wewe. Watu wakikuona watajua mama hakubagua mtu."

"Wakumbuka nilikuwa nikikaa wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Zama zile watu wote walikuwa hivyo."

Uongo mtupu. Mpishi wao hakuwa hivyo. Siku ile ndiye aliyempa mama kiti na chai. Mpishi huyo hakuna anayemjengea hata kibanda.

Nilitaka kukataa. Mama yangu, sasa ajuza, akanizuia: "Soma, mwanangu. Bila yeye hungejua hata a." Ni kweli, na ukweli huo ndio unaoniuma.

Nimeandika risala mbili. Moja ni sifa tupu wanazozitaka. Nyingine ina kila kitu, na aibu aliyotiwa mama imo. Sherehe ni Jumamosi, na mama amekwisha shonesha nguo mpya ya kuja kunisikiliza.

Ndugu zangu, nishaurini. Nisome ipi, naye amekaa pale akinitazama?