Safari ya Pangani ya Paskazia na Mumewe

Paskazia alikuwa mponda mawe katika machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, mwanamke wa mkono mzito na shingo isiyoinama. Tangu binti yake Hosiana aolewe Pangani, alitaka jambo moja tu: kukanyaga maji ya bahari yeye na mumewe, siku chache, wawili peke yao, kabla miguu haijakataa. Mumewe, Bujiku, akakubali. Wakapanga kuondoka Jumapili baada ya misa. Nguo zikafuliwa, kuku wakapelekwa kwa jirani.

Shida ilianzia kwenye haya ya mwanamume. Bujiku alipoaga wenzake wa duara, yaani shimo lao la dhahabu, Masele akamuuliza anafuata nini Pwani. Ngosha mzima, dume la Kisukuma, aseme anampeleka mkewe kutembea? Akajibu tu kwamba ana mambo yake Pangani.

Machimboni jibu hilo ni kujichongea jeneza. Anayekwenda Pwani kimyakimya amefuata mganga, na mganga wa dhahabu hataki mbuzi, anataka mtu wa kafara. Tena wiki ile ile kifusi kilikuwa kimemfunika Mayala, mdogo wake Masele. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Wakaja mchana kweupe, Masele mbele, mapanga mikononi. Hodi hawakupiga. Bujiku akavutwa kutoka kwenye sahani ya ugali, akapigwa bapa la panga mpaka jicho likafumba na meno yakadondoka. Walitaka jina la mganga. Bujiku aliona heri kufa kuliko kuchekwa.

"Waambie, Baba Hosiana," Paskazia akasema. "Ukifa na haya yako, nani atakusifu?"

Bujiku akatema damu. "Nampeleka mke wangu akaogelee."

Mmoja nyuma akacheka. Masele hakucheka.

"Mzee kama wewe? Shemeji, kaa pembeni. Huyu leo anamfuata Mayala." Akaligeuza panga, makali yakaangalia chini.

Paskazia hakusogea, wala yowe hakupiga. Aliinua nyundo yake ya kupondea mawe, akaishusha kwenye kifundo cha mkono ule. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Panga likaanguka, akalikanyaga.

"Kile kifusi nilikifukua kwa mikono hii, wewe ukiwa kilabuni," akamwambia. "Haya, mwingine aje."

Hakuja mtu. Wakamkokota Masele wao, naye njia nzima anaapa kwamba watarudi. Paskazia hakungoja Jumapili wala misa. Alimfunga mumewe kichwa kwa kanga, akaita bodaboda, wakapakizana.

Walipofika Katoro simu ikaita. Jirani analia: nyumba yao inawaka. Bujiku akataka wageuze, walau waokoe mabati.

"Wakikukuta pale, watakutupa humo humo," Paskazia akasema, akamgusa dereva begani. "Usizime pikipiki, mwanangu. Tupeleke Geita tukapande basi la Pwani."