Askofu Nzomo na Ubatizo wa Waweru

Askofu Laurenti Nzomo alipofika Mutuini mwaka wa 1964 hakuwa askofu. Alikuwa padri mwembamba kutoka Ukambani, mwenye pikipiki iliyonguruma kama mashine ya posho, na Kikuyu chake kilitufanya tuzibe midomo kwa leso kanisani. Wazee walinung'unika. Walizoea mapadri Wazungu, na sasa wameletewa Mkamba, tena kijana. Mzee mmoja alimwuliza mbele ya watu, "Kwani ulikosa kazi kwenu?" Padri akamjibu, "Kwetu wenye dhambi ni wachache, mzee. Nimeletwa palipo na kazi." Mzee yule hakukosa misa tena mpaka alipokufa.

Nilikuwako, ndiyo maana najua. Mimi Waceke nilisoma hadi darasa la sita tu, lakini kichwa changu hakijapoteza kitu. Nimefua vitambaa vya altare karibu miaka arobaini, na Nzomo ndiye aliyenifundisha. Kitambaa kilichofuta kikombe cha misa hulowekwa kwanza peke yake, na maji yake hayamwagwi mtaroni. Humwagwa kwenye udongo, mahali pasipokanyagwa na mguu wa mtu. Alinionyesha mwenyewe, amekunja mikono ya kanzu yake, povu limemfika kwenye viwiko. Madarasa manne ya mawe ya shule yetu aliyajenga akibeba mawe pamoja na sisi akina mama, na mgongo wake haukupona tangu hapo. Mwaka wa 1973 akaitwa kuwa askofu kule kaskazini kwenye ukame, akakaa na watu wa ngamia miaka ishirini na sita, mpaka magoti yakakataa. Alipostaafu akaletwa Loresho, kwenye nyumba ya mapadri wazee.

Mwaka wa 2005 alitimiza miaka hamsini ya upadre, na kamati ya jubilei ikaamua kuchapisha kitabu kidogo cha kumbukumbu. Padri Muigai, paroko wetu, akanijia nikiwa sakristia.

"Shosho, ni wewe tu unayemkumbuka akiwa hapa. Tuandikie ile ya baba yako."

Ile ya baba yangu kila mtu Mutuini anaijua, kwa sababu nimeisimulia mwenyewe kila palipokuwa na masikio. Baba yangu, Waweru, alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni mama yangu, Mwihaki. Wa pili ni Wangeci, aliyenizidi mimi miaka miwili tu. Kwa sababu ya wake hao wawili baba hakubatizwa, na Wangeci, kwa kuwa mke wa pili, hakuruhusiwa hata kuandikishwa mafundisho. Agosti ya 1966 baba akazidiwa. Mama na mimi tukaenda misheni mbio, kwa miguu, kumwita padri. Padri Nzomo akawasha pikipiki akatutangulia. Tulipofika nyumbani tukamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa cha baba kimelowa, bakuli la maji liko sakafuni. Baba alikuwa amekwisha kukata roho.

Padri akasema, "Msilie kama watu wasio na tumaini. Jina lake ni Yosefu."

Kesho yake akamzika Kikristo, kwa misa na msalaba, na katekista aliyekuwa akisema mwenye wake wawili azikwe kama mbwa akanyamaza. Hiyo ndiyo heshima ya nyumba yetu. Kila Novemba, mwezi wa marehemu, wakati watu wanapoandika majina ya wafu wao yasomwe kwenye misa, mimi huandika la kwanza: Yosefu Waweru.

Basi nikaandika kwamba Padri Nzomo alimbatiza baba yangu dakika ya mwisho, na Padri Muigai akapeleka karatasi kwa mpiga chapa mjini. Lakini akaniomba niende Loresho nimsomee Askofu mwenyewe, kwa kuwa kitabu ni chake.

Nilimkuta kwenye varanda, miguu imefunikwa blanketi. Sista Munyiva, anayewatunza wazee hao, alininong'oneza, "Mama, usishangae. Siku nyingine yuko, siku nyingine hayuko."

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Askofu."

"Milele, amina. Wewe umekuja na lori la mahindi?"

"Mimi ni Waceke wa Mutuini, Baba. Nilikuwa nafua vitambaa."

"Mvua imenyesha huko?"

"Huko wapi, Baba?"

"Kwa watu wa ngamia."

Sista akanibana bega. "Mwambie imenyesha. Ukisema bado, hatakula."

"Imenyesha, Baba. Nyingi sana."

Akafurahi. Nikafungua nakala yangu nikamsomea polepole, na alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jambo, la pikipiki, la mawe, la yule mzee. Nilipofika pale padri alipochukua maji akambatiza baba, aliinua mkono.

"Hapana. Huyo si mimi."

"Ni wewe, Baba. Baba yangu, Waweru."

"Pikipiki ilizima kwenye mteremko, nikaisukuma. Nilipoingia, Waweru alikuwa amekufa. Mtu aliyekufa habatizwi, Waceke."

Aliniita kwa jina langu. Sikuwa nimelisema tena.

"Basi ni nani alimbatiza?"

"Yule mdogo. Alikuwa kwenye kona, ameshika bakuli la samawati lililobanduka rangi ukingoni. Nikamwuliza mara tatu, ulimwaga maji? Ulisema maneno gani? Mara tatu akanijibu. Nikaridhika."

"Wangeci? Lakini hakuwa hata amebatizwa mwenyewe!"

"Kwenye kufa, yeyote anaweza. Hata mpagani, mradi anataka kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Maji na maneno. Kwani mafundisho ulisoma wapi wewe?" Halafu akamgeukia Sista. "Mpe huyu wa lori chai, ametoka mbali."

Chai yenyewe sijui kama niliinywa. Nilitoka mpaka Waiyaki Way nikasimama kando ya barabara, na sikujua kama nangoja gari la kwenda nyumbani au la kwenda mjini kwa mpiga chapa. Mtu anayedhani nimekuja na lori la mahindi, nimwamini? Lakini lile bakuli lilikuwa la samawati, tena lilibanduka ukingoni. Mimi mwenyewe nililiangusha mwaka mmoja kabla baba hajafa, na mama akanichapa maneno wiki nzima. Jambo hilo sikuwahi kulisimulia popote. Sasa kama kichwa chake kimeshika bakuli, kimeachaje mtu aliyelishika? Na kama ni Wangeci aliyembatiza, alifanya vipi, mtu ambaye hakufundishwa? Kama hakufanya sawasawa, basi baba yangu alizikwa bila ubatizo, na majina yangu ya Novemba, miaka thelathini na tisa, nimekuwa nikimwandikia nani? Nilijaribu kumkumbuka padri siku ile amepiga magoti. Mikono yake ilikuwa imelowa, au ni mimi niliyeilowesha baadaye kwa kusimulia? Kwa mara ya kwanza sikuweza kuona vizuri.

Wangeci alifukuzwa na mama baada ya matanga, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mimi nilisimama mlangoni nikamtazama akienda. Tangu siku hiyo hatukuwa tumesalimiana. Nilijua tu, kama watu wanavyojua, kwamba binti yake ana kibanda cha kusuka nywele Kenyatta Market. Kesho yake baada ya Loresho, nikaenda.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kati ya wasusi, anatenganisha nywele za kuunganishia, uzi kwa uzi, na kuzipanga pajani zikiwa tayari kwa wasukaji. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wasichana.

"Ala! Waceke wa Mwihaki," akasema bila kusimama. "Umekuja kusukwa au kunitukana?"

"Nywele zangu zinanitosha."

"Zote tatu?"

Wasusi wakacheka mpaka mmoja akaangusha kitana. Nikavuta kigoda nikaketi.

"Wangeci, siku baba alipokufa, nani alimmwagia maji?"

Vidole vikasimama. "Nani amekwambia?"

"Askofu Nzomo."

"Huyo mzee si aliahidi hatasema!"

"Kwa hivyo ni kweli?"

Alitazama wasichana, akateremsha sauti. "Mama yako aliapa kwamba nikigusa kitu chochote cha kanisa atanivunja mkono. Jumapili nilikuwa namngoja nje nimbebee kikapu, chini ya dirisha la mafundisho. Nilisikia yote nikiwa pale. Siku ile baba yako akaanza kuhema vibaya, na nyinyi hamrudi. Akaniambia, maji. Nikadhani ana kiu. Akasema, yale ya padri. Basi nikachota. Nikasema, Yosefu, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana."

"Kwa nini Yosefu?"

"Ndilo jina pekee la kanisa ambalo hapo kijijini hakuna mlevi aliyekuwa nalo."

"Na Roho Mtakatifu?"

Akaokota unywele ulioanguka chini.

"Wangeci. Na la Roho Mtakatifu?"

"Alivuta pumzi moja kubwa, mimi nikaruka. Halafu sijui."

"Utakosaje kujua? Ni majina matatu!"

"Mume wangu alikuwa anakufa, Waceke! Nilikuwa na miaka ishirini na minane na mtoto mchanga wa wiki moja. Siku nyingine najisikia nikiyasema yote. Siku nyingine najisikia nimekwama, maji yanamwagika tu. Nimejiuliza hili kabla yako, tena bila mtu wa kumwuliza."

"Lakini padri ulimjibu."

"Padri alipouliza nilisema yote matatu. Padri akikuuliza si unamaliza?"

"Ulimdanganya?"

"Ndilo nisilolijua! Huelewi Kikuyu?" Akachukua fungu jingine la nywele, lakini alikuwa akilitatiza zaidi badala ya kulitenganisha. "Aliniambia nimefanya vyema. Akaniambia mama yako asijue, kwa sababu ataona nimempokonya mumewe hata kaburini. Sasa mtamfukua?"

"Nani amesema kufukua?"

"Kanisa lenu. Sijui mnafanyaje."

Nami sikujua tunafanyaje. Nilimpigia Padri Muigai kwa simu ya kibanda cha jirani nikamweleza yote, mambo yakigongana kinywani. Akasema Mungu hafungwi na sakramenti zake. Akasema pia kwamba mashine ya chapa inaanza saa kumi, nikitaka kubadilisha niende mwenyewe. Wasomi wakikosa jibu hukupa baraka.

Nilipoinuka Wangeci aliuliza, bila kuniangalia, "Uko na nauli?" Nilikuwa nayo. Nikasema ninayo. Sikujua kama nimuage au niondoke hivi hivi, na mwishowe nikamshika mkono haraka, kama mtu anayejaribu joto la pasi.

Mpiga chapa yuko nyuma ya barabara ya River, kwenye chumba chenye harufu ya wino na mafuta taa. Anaitwa Abdulrauf, mtu wa pwani, mwenye adabu mpaka unajiona umekosea njia.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae. Padri amenipigia. Ukurasa wa tisa, sivyo?"

Akanitolea karatasi. Nilikuwa njiani nimeamua kuifuta habari nzima. Lakini nilipoisoma nikaona kwamba kurasa nyingine zote zilikuwa miaka na majengo: aliwekwa wakfu lini, alijenga nini. Ukurasa wa tisa ukitoka, huyo wa kwenye kitabu angeweza kuwa askofu yeyote. Tena nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani. Kila nilipoisimulia mbele yake, alipokuwa akitutembelea kwa kipaimara, aliangalia viatu vyake mpaka nimalize. Nilidhani ni unyenyekevu. Huenda alikuwa akibeba sifa isiyo yake ili Wangeci asipigwe, na huenda alikuwa akifurahia kidogo. Hata hilo sijui.

"Tubadilishe nini, bibi?"

"Futa 'alimbatiza'."

"Nimefuta. Niweke nini?"

Nilitafuta kitu kimoja ambacho Askofu alikisema, Wangeci alikisema, na macho yangu yalikiona.

"Andika: Padri Nzomo alimkuta mama yangu mdogo, Wangeci, na bakuli la maji, akaliamini neno lake, akamzika baba yangu kama Mkristo."

Kalamu ikakwaruza. "Nimwandike Wangeci kwa jina?"

"Kwa jina. Na 'mama yangu mdogo' usiache."

Akasoma tena, akakuna ndevu. "Samahani, bibi, mimi si mtu wa dini yenu. Lakini msomaji atauliza. Huyu mzee alibatizwa, au hakubatizwa?"

"Hata mimi nauliza, mwanangu. Washa mashine."