Alikuwa Anafuta

Eedo Barwaqo alikuwa na kipande cha kadibodi alichokiweka chini ya ngazi, nyuma ya mapipa ya maji. Mchana, ofisi zikinyamaza kidogo, alikitoa akakitandika, akasali. Mimi nilikaa pembeni na ndoo zetu nikimngoja tule. Nilipenda kumwangalia anaposujudu. Paji lake la uso likigusa ile kadibodi, mabega yake yalilegea kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Eedo ni shangazi kwa Kisomali. Si shangazi yangu wa damu. Mimi ni Mkamba wa Mwingi, nilikuja Garissa kumfuata mume wangu ambaye ni fundi wa mawe. Eedo ni mjane wa Balambala, na mama yake mzee bado yuko huko na mbuzi wake, karibu na mto. Tulikutana kwenye kazi ya usafi, katika jengo la ofisi la ghorofa nne. Kampuni iliyotuajiri ilitupa ndoo mbili na mopu moja, na ile mopu ilivunjika mpini mwezi wa pili. Tuliomba nyingine. Tuliambiwa inakuja.

Basi ngazi tulizifuta kwa mkono, na Eedo ndiye aliyenifundisha.

"Anza juu," aliniambia. "Shuka nyuma-nyuma, uso iangalie kazi. Ukishuka na uso mbele utakanyaga ile umefuta, halafu utafuta tena mbaka jioni."

Unaona? "Mbaka" ni mpaka. Kiswahili cha Eedo kilikuwa hivyo, p inageuka b, v inageuka f. Asubuhi aliniambia, "Faa fiatu, Mama Mwende, sakafu iko baridi," na wakati huo Mwende mwenyewe alikuwa bado tumboni, jina tu tumeshampa. Nami nilimcheka, naye alinicheka kwa jinsi ninavyosema salamu zao. Watu wa ofisini wakikosa kumwelewa waliniita mimi. Nilijiona kama mkalimani, na darasa langu la nane.

Siku moja kampuni ilileta karani mpya, kijana anayeitwa Martin, ametoka Murang'a wiki hiyohiyo, bado anajipepea kwa faili. Alikuwa anaandika majina ya wafanyakazi. Eedo akamtajia mwenzetu wa ghorofa ya tatu.

"Andika Fiolet."

Martin akaandika Fiolet. Violet alipoiona orodha alimfuata mpaka mlangoni. "Wewe kijana, jina langu umelipeleka wapi? Mama yangu alilia siku tatu kunizaa, wewe umenibadilisha kwa dakika moja!"

Tulicheka sana. Nikamwonea huruma yule kijana, nikamwambia, "Martin, hapa ukisikia f, andika v. Ukisikia b, fikiria p kwanza."

Akaiandika kanuni hiyo kwenye jalada la kitabu chake. Nilimwona kwa macho yangu, na nilifurahi kuwa nimemsaidia.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha, na watu walipanda na matope ya barabarani. Siku hiyo ngazi zilikuwa zamu yangu. Tumbo langu lilikuwa la miezi minane. Eedo akaninyang'anya kitambaa.

"Tumbo na ngazi si ndugu. Wewe kaa chini, badilisha maji."

Nilikuwa bombani niliposikia kitu kinaanguka, halafu sauti yake ikimtaja Mungu. Kwenye ngazi ya tatu kutoka juu kulikuwa na ukingo wa bati uliong'oka. Alikuwa anashuka nyuma-nyuma kama kawaida yake, kisigino kikanasa pale. Aliteremka ngazi saba kwa mgongo, mguu wa kulia umekunjwa chini yake. Nilipomfikia kitambaa kilikuwa bado mkononi.

Hospitali walisema goti limeharibika ndani. Martin alikuja na kile kitabu chake, ambacho ndicho pia cha kuandikia ajali, akamwuliza Eedo kitandani nini kilitokea, akaandika. Mimi sikuwepo saa hiyo. Siku tisa baadaye nilimzaa Mwende, na dunia yangu ikawa maziwa na nepi.

Alipotoka hospitali nilienda kumwona nyumbani kwake, mtoto mgongoni. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, anaelekea ukutani, anasali. Alipofika mahali pa kusujudu aliinamisha kichwa kidogo tu, mikono juu ya mapaja, kisha akakiinua. Alipomaliza hakugeuka haraka.

"Sheikh anasema inakubaliwa," akaniambia. "Mgonjwa anaruhusiwa kiti. Mimi najua. Lakini baji yangu ya uso inataka chini, Mama Mwende. Usiku naota nimefika chini."

Daktari alikuwa amesema kuna upasuaji unaoweza kulirudisha goti, na kwa kuwa aliumia kazini, kampuni ndiyo ya kuugharamia na kumlipa fidia. Hilo tu ndilo Eedo alilolitaka. Hata hakuuliza fidia ni kiasi gani. Aliuliza kama baada ya upasuaji goti litakunja.

Mwende alikuwa na miezi miwili barua ilipokuja. Eedo alinipa niisome. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, kwa hiyo nilikwenda na kidole, mstari kwa mstari. Nikafika mahali kidole kikasimama. Nikarudia.

"Wanasema nini?"

"Eedo, wanasema hawatalipa."

"Kwa nini?"

Sikutaka kulitamka. "Wanasema ulianguka ukivuta sigara kwenye ngazi, saa za kazi. Wanasema ni makosa yako mwenyewe."

Alinitazama, halafu akatazama mlango kama kuna mtu aliyesikia. Akavuta shungi lake mbele.

"Mimi? Sigara?" Sauti ilikuwa ndogo. "Wallahi, hata marehemu mume yangu nilimkataza. Mama yangu akisikia hii huko Balambala atasema nini? Atasema Garissa imemla binti yake."

Kesho yake tulikwenda ofisi ya leba, ile ya serikali inayoamua mambo ya wafanyakazi, yeye na fimbo, mimi na mtoto. Afisa alikuwa mzee mmoja wa bara anayeitwa Hesbon, miwani imefungwa kwa uzi. Alituketisha vizuri, akafungua faili.

"Mama, mimi natazama karatasi tu. Kampuni imeleta nakala ya kitabu cha ajali. Maneno yako mwenyewe haya hapa." Akanigeuzia ile nakala. Ilikuwa kwa Kiswahili, mwandiko wa Martin, herufi nzuri za mviringo: *Nilikuwa navuta kwa ngazi nikaanguka.*

Niliisoma mara mbili.

"Bwana Hesbon," nikasema, "hakusema navuta. Alisema nafuta. Alikuwa anafuta ngazi. Ni kazi yetu."

Hesbon akamgeukia Eedo. "Mama, sema mwenyewe. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nafuta."

"Na mtu wa sigara, yeye anafanya nini?"

"Anafuta."

Hesbon alivua miwani. Alitaka kucheka, akajizuia, akashindwa. "Mama, sasa umenimaliza kabisa. Maneno ni mapacha!"

Eedo naye akacheka kidogo, kwa aibu. Halafu macho yake yakajaa maji, na Hesbon akaacha kucheka.

"Sikatai," alisema polepole. "Lakini siwezi kuandika kwamba rafiki yake amesema. Nahitaji kitu."

Nilimpapasa Mwende miguu. Nikawaza vile tulivyokuwa tunafanya kazi, siku baada ya siku, yeye juu mimi chini. Nilivyokuwa nikiona kwanza visigino vyake, kamwe si uso.

"Muulize alikuwa anashuka vipi," nikasema.

Mlangoni mwa ofisi ile kulikuwa na vidato vinne vya saruji. Eedo hakungoja kuulizwa. Alisimama, akachukua begani kwangu kile kitambaa cha kumfutia mtoto mdomo, akatoka hadi kidato cha juu. Aliwapa watu wa barabarani mgongo. Akainama kadiri alivyoweza, akafuta kutoka kushoto hadi kulia, pembe kwanza, ukingo baadaye, kisha akarudisha mguu mzima nyuma, akakitafuta kidato cha pili kwa kisigino. Akafuta cha pili. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walisogea wasikanyage palipofutwa, kana kwamba pamelowa kweli. Alipotaka cha tatu, goti lilikataa, nikamdaka kiunoni.

"Inatosha, Mama," Hesbon akasema. "Inatosha. Rudi ukae."

Akavaa tena miwani, akaitoa karatasi ya daktari kwenye faili, akaisoma kwa sauti: ameanguka kinyumenyume, akatua kwa mgongo, mguu wa kulia chini yake.

"Mtu anayevuta sigara," nikasema, "hashuki ngazi kinyumenyume."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akachukua simu, akampigia Martin aje na kitabu chenyewe.

Martin alikuja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipoelezwa alifungua kitabu, akasoma sentensi yake, akabaki anaiangalia. Kisha akageuka kwangu. Hakusema kwa ubaya.

"Lakini Mama Mwende, si wewe uliniambia? Ukisikia f, andika v."

Na kwenye jalada la kitabu kile kanuni yangu ilikuwepo bado, kwa wino wa bluu, imepigiwa mstari.

Wote waliniangalia. Ningeweza kusema nilikuwa natania. Nilisema, "Ni kweli. Ni mimi."

Tangu siku ya barua nilikuwa nimebeba jambo moja, kwamba ile ilikuwa zamu yangu na Eedo aliichukua. Sasa yakawa mawili. Sikuweza kumtazama. Nikasikia fimbo inagonga sakafu, halafu mkono wake ukawa juu ya kichwa cha mtoto wangu.

"Abaayo," akasema, na hilo ndilo neno wanaloitana dada kwa dada, hajawahi kuniita hivyo kabla. "Wewe ulimfundisha Kiswahili ya kwetu. Hukumfundisha kutouliza."

Hesbon akamsukumia Martin kalamu. "Umesikia? Ungeuliza, kijana. Unavuta nini? Swali moja tu. Haya, kata, andika upya, utie sahihi pembeni na tarehe. Na uongeze ngazi gani na ukingo gani."

Martin alikata v, akaweka f juu yake. Kisha akaongeza, bila kuambiwa, kwamba mopu ilikuwa imevunjika na ilikuwa imeombwa mara tatu. Hilo lingeweza kumgharimu kazi, na alilijua.

Haikwisha siku hiyo. Faili ilipanda, ikarudi, ikatakiwa karatasi nyingine ya daktari. Kila Jumatatu Eedo alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya leba, na mimi nilipita jioni kumletea chai. Mwende alijifunza kukaa kwenye benchi hilo. Alizoea kushika kidole cha Eedo na kukataa kukiachia, na Eedo aliukunjua ule mkono mdogo, akaupima juu ya wake. "Tazama. Yote inaingia ndani ya kiganja." Mtoto alikuwa na miezi mitano kampuni ilipokubali. Eedo alipasuliwa goti, akalala hospitali, kisha akachukuliwa na ndugu zake kwenda Balambala kwa mama yake, apone huko.

Mimi nimerudi kazini. Mopu mpya ililetwa, na ukingo wa bati umepigwa misumari. Msichana waliyenipa ni mchapakazi, ila hashuki kinyumenyume, na ninapokuwa chini na ndoo naona uso wake badala ya visigino, sizoei. Ile kadibodi sijaitupa. Iko palepale nyuma ya mapipa, mahali pa paji lake pamelainika na kuwa peusi kidogo. Mchana jengo likinyamaza naketi karibu nayo nakula peke yangu.

Huko kwao simu haishiki vizuri. Miezi minne ilipita nikipata salamu tu za watu wa magari. Juzi ikaita nikiwa nampigia Mwende pasi nguo ya kanisani.

"Mama Mwende! Mmeamkaje?"

"Eedo! Goti?"

"Alhamdulillahi. Bole bole. Nimeacha kiti."

Nikaweka pasi chini. "Umeacha? Umefika chini?"

Nilisikia mbuzi nyuma yake, na sauti ya mwanamke mzee ikigomba kwa Kisomali.

"Bado," akasema. "Nainama, nainama, halafu goti inasema simama habo. Imebaki kidogo tu. Nikifunga macho nasikia harufu ya mkeka."

"Kidogo kiasi gani?"

Akafikiri. "Kama mkono ya Mwende. Hifyo."

Laini ikakatika. Mwende alikuwa ananitambalia miguuni. Nilimkalisha, nikaukunjua mkono wake, nikaulaza sakafuni, nikaweka wangu kando. Vidole vimerefuka. Anaousema Eedo ni ule wa benchini, wa miezi mitano, uliokuwa unaingia wote ndani ya kiganja chake. Nikakunja kidogo vidole vya mtoto mpaka vikawa kadiri ya vile vya wakati ule, nikaviangalia hapo sakafuni, nikaona kilichobaki kati ya paji lake na mkeka ni kifupi kuliko nilivyoogopa.